Sabuni ya Alizeti Mbele ya Wakwe

Mdomo wangu hauna breki. Ukinipikia chakula ukaniuliza kikoje, nitakuambia kikoje, hata kama umehangaika nacho tangu asubuhi na jasho bado linakutoka. Ndugu zangu wa Kiomboi walinijua mapema, wakaacha kuniuliza. Mke wangu, Mnyaturu wa hapa hapa Unyambwa tunapoishi, ndiye mtu pekee anayeendelea kuniuliza kwa hiari yake. Nikishamjibu ananinunia hadi jioni, na kesho yake anauliza tena.

Ana sababu yake. Tulipooana tulianza maisha kwetu Kiomboi, na yeye akiwa bibi harusi mgeni alipikia ukoo mzima. Kila aliyekula alimwambia, "Umepika vizuri, mke wetu." Walikula matonge mawili matatu, wakashukuru, wakasukuma sahani. Yeye akafurahi, akazidi kupika vile vile. Siku moja kisimani akawakuta dada zangu wakiicheka mboga yake hadi wanashika mbavu, hawajui kwamba yuko nyuma yao na ndoo kichwani. Alirudi nyumbani akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilikuambia, chumvi imezidi, ukasema nina mdomo mbaya. Akalia, kisha akacheka. Tangu siku hiyo ukimsifia mtu kwake kwamba ni mpole, anakutazama kwa mashaka.

Kwa hiyo binti yetu, mtoto wetu mmoja tu, alipotuambia kuwa amepata mchumba na kwamba wakwe wangekuja kutoka Manyoni kujitambulisha, mama yake hakuuliza kijana anafanya kazi gani wala anasali wapi. Aliuliza, "Mama yake yukoje?"

"Mpole sana, mama. Hajawahi kuniambia neno baya."

Mke wangu aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mtama. "Hajawahi?"

"Hata mara moja."

"Basi hatumjui," alisema, akauchukua ungo wake akaendelea.

Hilo ndilo lililotunyima raha wiki zile. Mtoto wetu wa pekee alikuwa anakwenda kuishi na mama mkwe ambaye hatukujua moyoni mwake kuna nini. Mke wangu aliliwaza hilo akiwa jikoni, akiwa shambani, akiwa anakamua mbuzi. Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine, mdogo lakini unaoteleza zaidi. Niliogopa wakwe wangetukimbia kwa sababu ya sabuni.

Inabidi nieleze. Nyumba yetu imegeukia vitu vya asili, na haikuanza kwa semina wala kwa tangazo la redio. Ilianza na mbuzi. Mbuzi wetu mmoja alikonda huku anakula, akafa, tukampasua, tukakuta tumboni bonge la mifuko ya plastiki lililosokotana. Mke wangu alilitazama lile bonge kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoa kila kilichokuwa cha plastiki, na hasira zake zilipofika mwisho wa plastiki hazikusimama hapo, zikaendelea hadi kwenye dawa ya meno.

Sina ugomvi na vitu vya asili. Nina ugomvi na watu wanaovisifu vyote kwa pamoja, kana kwamba kitu kikishaota chenyewe basi hakina kasoro. Mimi nimeishi navyo, acha niseme.

Dodoki nalipenda kwa moyo wote. Linaota kwenye uzio bila kuombwa, linasugua mgongo mpaka unasikia usingizi, na likichoka unalitupa shambani linaoza. Sijui tulipotewa na akili gani tukaanza kununua vile visponji vya rangi. Mswaki wa mti nao ni mzuri, meno yangu yote yapo, ila hauna haraka. Ukiwa na safari usiuanze. Na watu wa hapa hawana simile, wanakusalimia huku kijiti kiko kinywani, unamjibu mzee "marahaba" wakati ulitakiwa kumwambia "shikamoo", halafu inabidi umfuate njiani kuomba radhi.

Kikapu cha ukindu kimenichania mashati, lakini nakitetea. Ile mifuko laini inayouzwa sokoni kwa jina la rafiki wa mazingira, hebu weka vitunguu vyetu vya Singida humo uone. Utaviokota njia nzima kutoka stendi.

Kusugua sufuria kwa majivu na mchanga kunang'arisha sufuria na kupasua mikono. Ugali wa mtama unakaa tumboni hadi jua linazama, nami sitaki mwingine, lakini kama mtama umepurwa chini kwenye udongo utatafuna mchanga, na anayekataa hilo anameza bila kutafuna. Kuku wa kienyeji ana mchuzi ambao ukiuonja unamsamehe mtu uliyekuwa humsalimii. Ila huyo kuku, hasa jogoo aliyezeeka, anakula kuni kama tanuru la matofali. Nimemuuliza mke wangu mara nyingi ni mazingira gani tunayoyahifadhi wakati jogoo mmoja anamaliza mzigo wa kuni. Hajawahi kunijibu, huwa ananiletea firigisi nanyamaza.

Mafuta ya alizeti tunayokamua sisi wenyewe, yale ambayo hayajasafishwa, yana harufu. Nasema wazi. Yana harufu ya alizeti, na usipoyaacha yatulie au usipoyachemsha kwanza, yanapanda povu hadi yanazima jiko. Ukiyatendea haki, hakuna mafuta mengine duniani. Lakini hapo msiniamini, kwa sababu alizeti ni ya shamba langu na hakuna mzazi anayeona chongo la mwanawe.

Sasa sabuni. Mke wangu alisikia kwamba mafuta ya alizeti yanatoa sabuni, na ni kweli yanatoa. Wenzake wa kikundi cha akina mama wanatumia kostiki soda ya dukani, wanavaa glovu, wanakoroga, wanamwaga kwenye vibao, inaganda, wanakata. Yeye akakataa kostiki. Alitaka iwe ya asili kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo akachoma mabua ya alizeti, akachuja maji ya majivu, akayapika pamoja na mafuta siku nzima. Ikatoka sabuni. Povu lipo, uchafu unatoka. Tatizo ni moja tu, haikuganda. Haikuganda siku ile, haikuganda wiki ile, haikuganda kiangazi chote. Ilikaa kama uji wa jana. Akaikata vipande hivyo hivyo, akavifunga kwa maganda ya mahindi, na asubuhi tukavikuta vimelala chini ya rafu kama vimekunywa pombe. Ukinawa nayo inateleza, ukisuuza inateleza, maji yanaisha mikono bado inateleza. Na sisi si watu wa kuchezea maji.

Nilimwambia. Akasema, "Wewe ni mume wangu, huhesabiki."

Akawagawia majirani. Na majirani, Mungu awabariki, wakamsifu. Mmoja alisema ngozi yake imekuwa ya mtoto. Mwingine alisema hajawahi kuona sabuni kama ile, na hapo alisema kweli. Siku moja nikapita kwa huyo wa ngozi ya mtoto, nikaona amepaka ile sabuni kwenye bawaba za mlango ili usipige kelele. Mwenzake alikuwa anaitia kwenye mnyororo wa baiskeli. Nikarudi nikamwambia mke wangu. Akaniuliza, "Na mlango umeacha kelele?" Nikasema umeacha. Akacheka, lakini niliona imemuuma, na kesho yake akapika sabuni nyingine.

Siku ya wakwe ilipokaribia, binti yetu alimsihi mama yake. Alitaka pilau, alitaka soda, alitaka sabuni ya dukani yenye harufu ya maua kwenye beseni la kunawia. "Mama, angalau siku hiyo tu tufanane na watu."

"Waje waone tunavyoishi," mama yake akajibu. "Wasipotupenda, watuambie."

"Hawawezi kutuambia, mama. Ni watu wa adabu."

"Ndicho ninachokiogopa."

Ikapangwa ugali wa mtama, jogoo wa kienyeji aliyekaangwa kwa mafuta yetu baada ya kuchemshwa vya kutosha, na mlenda. Mlenda aliupika binti. Nilipopita jikoni nikamkuta anamiminia nyanya, tena na ndimu. Nikamuuliza mlenda gani huo. Akaninong'oneza, "Usivutike, baba. Mama mkwe aanze kukata nyuzi za mlenda kwa kidole mbele ya watu?" Nilitaka kusema. Nilimwona macho yake yalivyojaa hofu, nikafunga mdomo, jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe.

Walikuja mchana. Alikuwapo kijana, mtaratibu, shati limepigwa pasi hadi lina makali. Alikuwapo mshenga wao, mzee mnene aliyekuwa na hotuba amekuja nayo kichwani na anaogopa kuimwaga kabla ya wakati. Na mama wa kijana, mjane, mwembamba, ndani ya gauni jipya la kitenge, anasalimia kwa sauti ya chini na kutabasamu kwa kila kitu. Akaitazama nyumba, akasema ni nzuri. Akatazama kuku uani, akasema ni wazuri. Mke wangu akanitupia jicho, nami nikajua anaogopa nini.

Binti akapitisha maji ya kunawa, amepiga magoti, jagi mkono huu na beseni mkono huu, na kando ya beseni ile sabuni kwenye kisosi. Mshenga alinawa haraka akasema, "Sabuni nzuri." Kijana akanawa akasema ahsante. Mama akanawa. Akasuuza. Akasuuza tena. Akasugua vidole kwa vidole, akaviangalia, akanyoosha mikono amiminiwe tena. Jagi likaisha. Binti akaenda kulijaza, akarudi, nasi tunasikiliza maji tu. Mwishowe mama akakunja uso kidogo, akakubali mikono yake ilivyo.

Akamega tonge. Likamponyoka. Likaangukia kwenye bakuli la mlenda, mlenda ukaruka hadi kwenye shati la kijana lililopigwa pasi. Mama akalifuata tonge lake, akalipata, akala. Akatafuna polepole. Kisha akaweka mkono pembeni ya sahani.

"Mkwe wangu," akamwambia mke wangu, "nisamehe. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimekudanganya ndani ya nyumba yako. Sabuni hii ametengeneza nani?"

"Mimi," mke wangu akasema.

"Na mlenda kapika nani?"

"Mimi, mama," binti akasema, na sauti yake ilisikika kama inatoka Manyoni.

"Mlenda hauvutiki," mama akasema. "Sabuni ndiyo inavutika. Mmebadilishana vyungu?"

Mshenga alikohoa kwa nguvu. "Alichotaka kusema mama ni kwamba..."

"Nimeshasema," mama akamkata.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga na mabega yanatikisika. Binti alidhani analia, akaanza kulia yeye. Lakini mimi nayajua mabega yale. Mke wangu alikuwa anacheka kicheko ambacho sijakisikia kwa muda mrefu, kile cha kukosa pumzi, na kilipotoka nje kilitoka na machozi. Alisogea hadi kwenye mkeka wa mgeni, akakaa karibu naye kabisa.

"Endelea," akamwambia. "Mafuta je?"

Mama akachukua kipande cha kuku, akakinusa, akakila. Alichukua muda wake, nami nikajikuta nimeacha kutafuna. "Mafuta haya nitaondoka nayo," akasema, "hata kama hamtaki kunipa."

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi nilivyofurahi. Wapo watu wengi waliowahi kuyasifu mafuta yetu, tena kwa maneno mengi kuliko hayo, nami nilisema ahsante nikasahau. Haya ya mama huyu niliyaamini, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado inateleza.

"Kuku je?" mke wangu aliuliza.

"Mtamu. Ila meno yangu ya upande huu yamekataa."

"Ugali?"

"Una mchanga kidogo."

"Si nilisema!" nikapaza sauti, na hapo hata kijana akacheka, mlenda ukiwa bado kifuani.

Mke wangu alipotulia alimuuliza lile alilokuwa nalo wiki zote. Alimuuliza mbele yetu sote, bila kuzunguka. "Binti yangu anasema hujawahi kumwambia neno baya. Kwa nini?"

Mama alimtazama binti, siyo mke wangu. "Nilikuwa sijaliona la kusema. Leo nimeona mlenda, na nimekuambia leo. Sitakwenda kuusimulia kwa majirani."

Binti aliinua uso. Alifuta machozi kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo, "Niliweka ndimu. Nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya mlenda? Mimi nimekua kwa mlenda. Mwanangu huyu ameoteshewa meno kwa mlenda."

Baada ya hapo mambo yalikosa utaratibu. Wale wanawake wawili waliinuka chakula kikiwa nusu, wakaenda nyuma ya nyumba kwenye chungu cha sabuni. Niliwafuata kwa kisingizio cha kuni. Mama wa kijana alikuwa anasema, "Mimi kutengeneza sabuni sijui, najua kunawa tu. Lakini kwa nini unailazimisha iwe kipande? Imekataa. Iache iwe ya kuchotwa, iweke kwenye chungu, ikae huku kwa vyombo na nguo. Wageni uwape nyingine." Mke wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimemwambia haifai, ni kweli, lakini sikuwahi kufikiri inaweza kufaa kwa kitu kingine. Nikachukua kuni zangu nikarudi.

Mshenga alikuwa ameachwa peke yake na hotuba yake. Nikamhurumia, nikamwambia anihutubie mimi. Alisimama akaianza, habari za ua walilolichungulia kwenye bustani yetu na jinsi walivyotembea kulitafuta, yote, huku nyuma ya nyumba tunasikia vicheko na mwiko unagonga chungu. Alipofika mwisho, wanawake walikuwa wamerudi mlangoni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko.

Utaratibu wetu unajulikana. Upande wa binti haujibu siku ile ile. Unasema tumesikia, tupeni muda tuketi na ndugu. Nikajikohoza ili niseme hivyo.

"Tumekubali," mke wangu akasema kutoka mlangoni.

"Mama, kuna utaratibu," nikamwambia.

"Ndugu utakaa nao wewe." Akamgeukia mama mwenzake. "Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Akikosea mwambie. Usimwache akosee huku watu wanamsifu."

"Nitamwambia," mama akasema. Kisha akaongeza, "Na nikikosea mimi?"

  Mke wangu alimtazama binti yetu, akangoja, nasi wote tukajikuta tunamtazama. Binti alisimama pale, akaweka jagi lake chini.

"Mama," akasema, "gauni lako umelivaa ndani nje."

Ilikuwa kweli. Kitenge kizuri kina rangi pande zote mbili, na mtu akivaa alfajiri kwa haraka ni rahisi kukosea; mishono tu ndiyo inayomsema. Mishono yote ilikuwa nje, mabegani, ubavuni, nyuzi zinaning'inia. Nililiona aliposhuka tu kwenye bajaji. Mke wangu aliliona. Mshenga alikuwa amekaa nalo kiti kimoja kwenye basi. Na hakuna hata mmoja wetu, hata mimi na mdomo wangu, aliyethubutu kulitaja kwa mgeni.

Mama akajitazama bega la kulia, kisha la kushoto. "Nimetoka Manyoni hivi?"

Mshenga akaanza kuchunguza dari.

"Nimepanda basi hivi? Nimeshuka stendi hivi, nikapita katikati ya watu?" Akamgeukia kijana wake. "Na wewe uliniona?"

"Nilidhani ni fasheni, mama."

Mama alicheka hadi akajishika kwenye fremu ya mlango. Kisha akamshika binti yetu mkono, povu likiwa bado mkononi mwake, akamvuta kuelekea chumbani. "Twende ukanisaidie kuligeuza," akamwambia. "Hawa wangeniacha nizikwe hivi hivi."

Mlango ukafungwa. Tulibaki tunawasikia humo ndani, mmoja akiuliza kitu, mwingine akijibu, wote wawili wakicheka tena. Mke wangu alisimama pale pale akisikiliza, machozi yanamtiririka hadi kidevuni na wala hayafuti. Nilikwenda nikasimama karibu naye, na sikuwa na neno lolote la kusahihisha.